Sufuria Juu ya Kioo cha Kabati

Jumatatu, tarehe 4 Machi. Mawingu mazito tangu alfajiri, hakuna upepo, manyunyu yaliyokatika saa moja na nusu. Ardhi imelowa.

Hivyo ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu la vipimo, kabla hata sijanywa chai. Mwalimu wetu wa jioni ametukaririsha: tarehe kwanza, hali ya hewa pili, mengine baadaye. Anasema gesi inayotoka ardhini ina tabia zake. Mvua ikilowesha udongo wa nje, gesi inakosa njia ya kupandia, inaanza kutafuta pengine pa kutokea, na mara nyingi inapapata chini ya nyumba ya mtu. Asiyeandika hali ya hewa amepima nusu.

Nilipomaliza kuandika nilipiga magoti palepale sakafuni.

"Ee Mungu," nikasema, "wewe uliyeumba mawe na vilivyomo ndani ya mawe, nipe namba ndogo."

Mume wangu alikuwa anapita na birika. Yeye ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sindano kwa jinsi alivyo mwembamba.

"Kwani Mungu naye anasoma jioni?" akauliza.

"Anafundisha," nikamwambia. "Weka birika chini, njoo tubebe sufuria."

Mimi ni fundi wa sakafu. Miaka ishirini na minane nimemwaga zege, nimepiga lipu, nimesawazisha vyumba vya watu mpaka maji yakimwagika yanasimama yasijue pa kwenda. Mafundi wenzangu wananiita Mama Pimamaji. Lakini cheti sikuwa nacho, na shule niliiacha mapema kuliko nilivyopenda kusema. Mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini na mitatu, nilijiandikisha masomo ya jioni ya chuo cha ufundi. Nikakaa dawati moja na watoto wanaoweza kuwa wajukuu zangu, nikajifunza kuchora grafu kwa rula. Siku nilipochora mstari wa kwanza ukapita kwenye nukta zote, nililia machozi. Kijana wa pembeni akadhani nimejichoma na kalamu.

Ni huko nilikojifunza habari za radoni. Ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Inazaliwa ndani ya mawe na udongo, inapanda polepole, inapenya kwenye nyufa, na mingine inatoka kwenye matofali na zege lenyewe. Nje haina neno, upepo unaichukua. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Nilitoka darasani jioni ile nikitembea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeambiwa kuna simba chini ya kapeti.

Na kwa kuwa mdomo wangu hauna kifuniko, nilimweleza kila mtu. Nilimweleza muuza mkaa. Nilimweleza mchungaji, akasema ataliweka kwenye maombi. Mbaya zaidi, nilimweleza mkwe.

Huyu mkwe ni mama wa mume wa binti yangu. Ni mkunga mstaafu aliyezalisha watoto nusu ya mji na bado anawakumbuka kwa uzito. Binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza majuma matatu yaliyopita. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akitimiza mwezi, yeye na mtoto waje kukaa kwangu miezi mitatu, kwenye chumba cha nyuma nilichokijenga kwa mikono yangu. Siku tuliyokwenda kumwona mtoto, chai ikiwa mezani, nikaanza kuhubiri radoni. Nilipofika kwenye mapafu, mkwe akaweka kikombe chini taratibu.

"Pole kwa masomo, mkwe," akasema. "Na hicho chumba chako cha nyuma kimepimwa?"

Nikakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Mjukuu wangu haendi kulala juu ya gesi," akasema. "Jumamosi nitamleta mwenyewe. Ukinionyesha karatasi ya vipimo, atakaa. Usiponionyesha, atarudi na mimi, na chumba cha kwangu kiko tayari."

"Mama!" akasema binti yangu.

"Si mimi niliyesema mapafu," akajibu mkwe.

Sindano alicheka njia nzima tukirudi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshashona vitambaa vya dirisha vya kile chumba. Nilikuwa nimeshaota kilio cha mtoto saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo Jumatatu ile tukabeba sufuria. Ni sufuria kubwa ya alumini ambayo mwalimu ameikata tundu kwenye kitako na kubandika kioo. Unaweka kipimaji sakafuni, kidude kidogo kama redio ya mfukoni, halafu unakifunika kwa sufuria iliyopinduliwa. Ukingo unauziba kabisa ili hewa isiingie wala kutoka. Gesi inayotoka kwenye ule mviringo wa sakafu inakusanyika ndani, kipimaji kinajiandikia namba kila saa, na wewe unachungulia kupitia kioo. Namba ni za bekereli, yaani chembe ngapi zinapasuka kila sekunde katika mita moja ya ujazo ya hewa. Unachora grafu. Mstari ukipanda taratibu, sakafu ni njema. Mwalimu alisema kwa sufuria ile, sakafu njema hupanda tatu, nne, tano kwa saa. Ikipita ishirini, kaa chini ufikiri.

Pamoja na sufuria alinipa tyubu ya silikoni ya kuzibia ukingo. Niliitazama ile tyubu nikaionea huruma. Mimi? Mimi niliyeziba matangi, mabafu na mapaa, nikabidhiwe dawa ya meno? Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali, na chini ya jabali kuna udongo wa mfinyanzi, laini kama siagi, mwekundu, usiopasuka ukikauka. Nimeutumia miaka yote kuziba kila kitu kinachovuja. Nikachota karai moja, nikaufinyanga kama chapati ndefu, nikauzungusha kwenye ukingo wa sufuria kwa unene wa mkono. Nikaubana kwa mwiko. Hata roho isingepita.

Saa kumi jioni nikachungulia, nikachora. Mstari ulinyooka vizuri sana. Ulipanda thelathini na saba kwa saa.

Nikahesabu tena. Thelathini na saba.

"Ngapi?" akauliza Sindano kutoka mlangoni.

"Saba," nikasema. Halafu dhamiri ikanichoma. "Na thelathini."

Simu ikalia wakati uleule. Mkwe.

"Vipimo vinaendeleaje?"

"Vinaendelea vizuri, mkwe."

"Vizuri ndio ngapi?"

"Vinaendelea," nikasema. "Mtandao unakatika." Mtandao haukukatika. Niliukata mimi kwa kidole gumba. Jioni ile niliposali niliruka sehemu ya kuungama, nikaenda moja kwa moja kwenye maombi.

Jumanne, tarehe 5. Jua kali, upepo wa wastani. Nilihamishia sufuria sebuleni. Nilijiambia chumba cha nyuma kina bahati mbaya tu, mchanga wake ulitoka mtoni. Sebule nilimwaga miaka kumi kabla yake, kwa mchanga mwingine na saruji nyingine. Nikakanda udongo mpya, nikaziba vizuri zaidi ya jana.

Thelathini na sita.

Nikafungua madirisha yote. Nikafungua milango. Nikang'oa pazia la sebule lisizuie upepo. Usiku tulilala na baridi, Sindano amevaa koti la harusi la mteja.

"Fundi," akaniambia huku meno yakigongana, "nimeivuta hewa ya nyumba hii miaka ishirini na sita. Leo ndio kwanza inataka kuniua, na inatumia mafua."

"Usicheke mambo ya mapafu."

"Sicheki. Natetemeka."

Jumatano, tarehe 6. Mawingu, joto. Niliamka na tindo na nyundo. Nilikuwa nimeamua: navunja sakafu ya chumba cha nyuma, nachimba, natandika nailoni nzito, namwaga upya. Siku tatu zinanitosha kama silali. Nikasimama katikati ya chumba, nikanyanyua nyundo. Ndipo Sindano akaingia na kikombe cha uji mkononi.

"Kabla hujavunja, nipimie na meza yangu."

"Meza gani?"

"Ya cherehani. Kama sebule inapumua, na meza ipimwe. Mimi ndiye ninayeinamia pale kutwa nzima."

Nikajua ananichokoza, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na mtu mwenye mikono inayotetemeka asivunje zege. Nikamwondolea vitambaa mezani. Ile meza ni ya mbao, imefunikwa kwa plastiki ngumu inayong'aa. Nikaweka kipimaji, nikafunika sufuria, nikaziba kwa udongo, nikachafua kila kitu. Mteja aliyekuja kuchukua gauni akasimama mlangoni kwa muda, akasema atarudi.

Jioni nikachora. Thelathini na tano.

Nikaketi kwenye kiti cha cherehani. "Mungu wangu, mpaka meza," nikasema. "Dunia nzima inavuja."

Sindano alikuwa ananitazama kwa jicho la ajabu. Akatoa futi yake ya kitambaa shingoni, akaining'iniza mbele ya uso wangu.

"Unaikumbuka kwaya?" akasema.

"Kwaya gani?"

"Mwaka ule wa sare za zambarau. Niliwapima wanakwaya kumi na wawili kwa asubuhi moja. Wote walikuwa wamepungua kiuno. Wote! Mama wa sauti ya kwanza alipungua, yule mpiga kinanda mnene alipungua. Nikawapongeza mmoja mmoja. Wakafurahi, wakapiga vigelegele."

"Na sketi hazikufunga."

"Hata moja! Futi yangu ilikuwa imevutika. Niliitumia kufungia mzigo kwenye baiskeli." Akaizungusha ile futi hewani kama kamba ya ng'ombe. "Fundi, watu kumi na wawili hawawezi kupungua sawasawa siku moja. Na sakafu mbili na meza haziwezi kupumua sawasawa. Nipimie kitu kisichoweza kupumua kabisa."

Nilimtazama yule mwanamume. Miaka ishirini na sita nilidhani nimeolewa na mtu wa mzaha. Nikamshika mashavu nikambusu kwenye paji la uso, nikimwachia alama mbili za udongo.

Alhamisi, tarehe 7. Anga safi, umande mwingi. Kitu kisichoweza kupumua nilikipata mlangoni mwa kabati letu la nguo: kioo kirefu, kinene, urithi wa bibi yangu. Tulikifungua skrubu, tukakilaza sakafuni. Nikaweka kipimaji, sufuria, udongo pande zote. Ukiinama ulikuwa unaona sufuria mbili, moja juu moja chini, na mwanamke mwenye tope usoni akikutazama kwa matumaini makubwa.

Saa nane mchana ndivyo nilivyokuwa, nimeinama hivyo, mkwe alipoingia bila hodi akiwa na beseni la kuogeshea mtoto kichwani.

Alisimama. Akaitazama sufuria. Akaitazama meza ya cherehani yenye matope, madirisha yasiyo na mapazia, Sindano ndani ya koti la harusi ambalo alikuwa hajalirudisha.

"Mnapika kioo?" akauliza.

"Tunajaribu chombo, mkwe," nikasema.

"Kimeiva?"

"Bado kidogo," akasema Sindano.

"Na chumba?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Namba ilikuwa kwenye daftari, daftari lilikuwa chini ya goti langu. "Karatasi utaiona Jumamosi," nikasema, na goti nikalikandamiza.

Mkwe aliweka beseni chini. Macho yake ni ya mtu aliyewaangalia wanawake elfu wakisema hawasikii uchungu. "Haya," akasema. "Jumamosi saa nne." Akaondoka.

Nikachungulia sufuria. Kioo cha bibi yangu, kioo kitupu, kilikuwa kinatoa thelathini na nne kwa saa.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa wa kwanza darasani, sufuria kwapani. Mwalimu wetu ni kijana mtulivu, miwani imefungwa kwa utepe. Nikamfungulia daftari mezani kwake. Akasoma ukurasa wa kwanza, akakunja uso. Akasoma wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye kioo akavua miwani.

"Mama," akasema, "hii ndiyo kazi bora kuliko zote mwaka huu. Umepima kioo! Hakuna aliyepima kioo! Hicho ndicho kipimo cha kitu kitupu, nilikisema siku ya kwanza, na nyote mlikuwa mnasinzia." Akagonga meza kwa kidole. "Sufuria ni safi, kipimaji nilikijaribu mwenyewe. Uliziba na nini?"

"Nimeziba barabara, mwalimu. Usiwe na wasiwasi na kuziba."

"Silikoni ilitosha?"

"Silikoni nimekurudishia." Nikaitoa kwenye mkoba, mpya, haijafunguliwa. Niliona nimemwekea akiba. "Nimetumia udongo wa mfinyanzi. Wa chini ya jabali, nyuma ya nyumba."

Mwalimu akainamisha kichwa juu ya daftari langu na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na mimi nikawa karibu kulia. Halafu sauti ikamtoka. Alicheka mpaka akakaa chini ya ubao.

"Mama Pimamaji," akasema akijifuta machozi, "umechukua udongo uliotokana na jabali, udongo wenye radoni yake mwenyewe, ukaufunga ndani na kipimaji. Siku nne umekuwa ukipima chapati yako!"

Darasa zima likalipuka. Yule kijana wa pembeni yangu akapiga dawati kama ngoma. Na mimi, mbele ya watoto wa watu, mwanamke wa miaka hamsini na minne, nikacheka mpaka kilemba kikaanguka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hakuwa mgonjwa.

Mwalimu aliniazima seti ya pili, sufuria na kipimaji chake, akanirudishia na ile silikoni, nikatoka nimebeba sufuria mbili, moja kila kwapa. Njiani nilisali nikitembea. Nilianza, "Nipe namba ndogo," nikajisikia vibaya. Siku nne nilikuwa nikimwagiza Mungu namba kama mtu anayeagiza viatu. Nikasimama chini ya taa ya duka la dawa. "Nipe ya kweli," nikasema. "Halafu nipe miguu ya kusimama nayo."

"Unasema nasi, mama?" akauliza muuza dawa.

"Hapana, baba. Endelea."

Ijumaa, tarehe 8. Mawingu mepesi, hakuna mvua. Sufuria ya kwanza niliiweka chumba cha nyuma, katikati, nikaiziba kwa silikoni. Ya pili niliiweka juu ya kile kioo, nikaiziba kwa silikoni, na ndani yake kando ya kipimaji nikaweka bonge la udongo wangu, kiasi kilekile cha kila siku. Saa saba mchana Sindano alichungulia moja, mimi nyingine.

"Udongo," akapaza sauti kutoka chumbani kwetu, "sitini na nane kwa saa!"

Sijawahi kushangilia namba kubwa kama ile. Mara mbili ya kila nilichopima! Bila shaka: nikizungushia ukingo, nusu ya gesi yake ilikuwa inatoka nje, na nusu ndani.

"Sakafu?" akauliza.

Nilifuta kioo cha sufuria kwa kanga. Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu.

"Tatu," nikasema.

"Na thelathini?"

"Tatu! Tatu peke yake! Tatu kavu!"

Alikuja mbio. Tulishikana mikono tukazunguka ile sufuria, yeye na koti la harusi, mimi na tope. Nikaruka, nikageuka, nikarudi nyuma hadi dirishani, kisigino kikakanyaga kitu laini.

Nikaacha kucheza.

Chini ya dirisha, kutoka ukutani hadi usawa wa mahali kitanda cha mtoto kitakapokaa, kulikuwa na ufa. Ulijitokeza miaka miwili iliyopita. Ni ufa mpana, wa vidole viwili, na niliujaza mwenyewe, mpaka chini kabisa, kwa udongo wa mfinyanzi wa chini ya jabali. Nilikuwa nimejisifu hata kwa majirani kwamba haujapasuka tena.

"Fundi?" akasema Sindano.

"Nyamaza kidogo."

Nikang'oa sufuria katikati, nikaipachika juu ya ufa, nikaziba kwa silikoni, nikaketi kando yake. Sindano akaleta chai, akaketi upande wa pili. Baada ya saa tatu mstari ulionyesha kumi na tisa kwa saa.

"Haijafika ishirini," akasema Sindano taratibu.

Ni kweli, haikufika. Ningeweza kuandika tatu ile ya katikati ya chumba, nikaifunika hii kwa mkeka. Karatasi ingekuwa safi na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao sipendi kuutaja. Halafu nikasimama nikachukua tindo.

Safari hii mikono haikutetemeka. Nilichimbua ufa wote mpaka kwenye changarawe. Tulitoa udongo karai mbili, Sindano akaupeleka mbali na nyumba, akiubeba kama mtu aliyekamata mwizi. Nikausafisha ufa kwa brashi, nikaulowesha, nikashindilia saruji na mchanga laini, nikausawazisha kwa mwiko mpaka usijue ulikuwa wapi. Kabla ya giza nikaweka kipimaji peke yake, bila sufuria, katikati ya chumba. Nikafunga dirisha na mlango kama mwalimu alivyotufundisha, ili hewa ya chumba ipimwe ikiwa katika hali mbaya kuliko zote. Kwa hewa ya chumba, alisema, mstari wa kuogopa ni mia moja. Nikalala usingizi wa fofofo.

Jumamosi, tarehe 9. Jua jepesi, upepo kidogo kutoka nyuma ya jabali. Hewa ya chumba: arobaini na nne.

Saa nne kamili walifika. Binti yangu alitangulia, amenenepa mashavu, mumewe nyuma na mabegi matatu, na mkwe katikati na mjukuu kifuani kama hati ya shamba. Mwalimu naye alikuwapo, amekuja kuchukua sufuria zake, amesimama ukutani na miwani yake ya utepe.

"Karibuni, karibuni ndani," akasema Sindano.

"Karatasi," akasema mkwe.

Nilikuwa nimeandika karatasi safi asubuhi ile: tatu, na arobaini na nne. Ilikuwa mfukoni. Nikaishika, nikaiacha palepale, nikatoa daftari lote.

"Soma kwa sauti, mkwe," nikasema. "Anzia Jumatatu."

Akamkabidhi Sindano mtoto, akavaa miwani yake. "Thelathini na saba," akasoma. Akaniangalia juu ya miwani. "Hii ndiyo siku uliyosema vinaendelea vizuri?"

"Ndiyo."

"Na mtandao?"

"Niliukata mimi. Na Alhamisi nilikalia daftari. Nisamehe, mkwe. Niliogopa utamchukua mtoto."

Binti yangu alisema, "Mama!" kwa sauti ileile aliyomwambia mkwe siku ya chai. Mkwe akaendelea kusoma: sebule, meza, kioo. Kwenye kioo mdomo ukamcheza. Kwenye sitini na nane akauliza ni nini, nikamweleza habari ya chapati yangu, na mwalimu akageukia ukutani. Mkwe alijikaza, lakini kicheko kilimpanda kutoka tumboni kikamtikisa mpaka akashika mlango.

"Yaani umelala baridi," akasema, "umeng'oa kioo cha watu, ukamvalisha mzee wa watu koti la harusi, kwa sababu ya tope lako mwenyewe!"

"Tena nililikanda vizuri," nikasema.

Akafika kwenye kumi na tisa. Kicheko kikapungua. "Na hii?"

Nikamwonyesha pale chini ya dirisha. Saruji ilikuwa bado mbichi. Akainama, akaigusa kwa kidole kama anavyogusa utosi wa mtoto.

"Hii usingeniambia, nisingejua," akasema.

"Usingejua."

Mtoto akapiga chafya mikononi mwa Sindano, na Sindano akasema, "Mafua ya Jumanne hayo," tukacheka wote isipokuwa mkwe, ambaye alikuwa bado ananitazama kwa yale macho yake ya wodini.

"Arobaini na nne ni ya usiku mmoja," akasema. "Mtoto anakaa miezi mitatu. Mwalimu, usiku mmoja unatosha?"

"Hautoshi, mama," akasema mwalimu. "Unatupa picha tu. Inatakiwa kipimaji kikae hapahapa muda wote. Hiki naweza kumwachia. Seti moja nitarudi nayo."

"Basi," mkwe akanigeukia, "namba zitakuwa mikononi mwa mtu aliyekalia daftari."

Alikuwa na haki. Nilivuta pumzi. Nilitaka kupiga magoti, lakini nikaona hili si la kumwambia Mungu peke yake, yeye alikuwa analijua tangu Jumatatu. Nikamchukua mjukuu kutoka kwa Sindano, nikasimama juu ya ule ufa niliouziba upya. Binti yangu, mumewe, mume wangu, mwalimu na mkwe walinizunguka, na nikasema kwa sauti ambayo hata muuza mkaa wa nje aliisikia:

"Mbele yenu nyote, na mbele ya huyu niliyembeba: nitasoma kipimaji hiki kila asubuhi, nitaandika tarehe, hali ya hewa na namba iliyotoka. Iwe ndogo, iwe kubwa, nitakupigia wewe, mkwe, kabla sijanywa chai, na simu sitaikata mimi. Na ikipita mia moja, mtoto analala kwako siku hiyohiyo, nami nitambeba mwenyewe mpaka mlangoni pako."